Watoto wa Japani Walivyopata Shule Zao

Tunapowafundisha watoto habari za Japani, mara nyingi twaanza na mambo ya kupendeza macho: nguo za kimono, mlima Fuji, vijiti vya kulia wali. Watoto hucheka, kisha husahau. Twaona afadhali kuwaanzia na jambo walijualo wenyewe, yaani shule.

Zamani za watawala wa ukoo wa Tokugawa, walioshika nchi tangu mwaka 1603 hata 1867, watoto wa samurai, yaani mabwana wa vita, walikuwa na shule zao. Watoto wa wakulima na wafanya biashara walikwenda katika vyuo vidogo vilivyoitwa terakoya. Jina hilo latokana na neno la hekalu, kwa kuwa hapo kwanza waliofundisha walikuwa watawa wa dini ya Buddha. Baadaye hata samurai maskini, waganga na wanawake walifundisha. Mtoto aliketi mkekani mbele ya meza fupi, akaandika kwa burashi na wino herufi zile zile juu ya karatasi ile ile, hata karatasi ikawa nyeusi tupu. Hesabu alizifanya kwa soroban, kibao chenye shanga. Msomaji aliyeanza masomo chuoni, kwa ubao na wino, atalitambua darasa hili mara moja.

Hata mwaka 1868 enzi ikarudi kwa Mfalme Meiji, na mwaka 1872 ikatoka sheria ya kujenga shule 53,760 za watoto wadogo, wavulana kwa wasichana. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno, wala haikutimia. Tena wazazi ndio waliotakiwa kulipa. Basi mkulima akatozwa ada, na papo hapo akapotewa na mikono ya mtoto shambani. Mwaka 1873 watu wa sehemu kadha waliasi kwa kuichukia sheria hii na ile ya kuandikwa askari, na shule nyingine zikachomwa moto. Mwaka huo, katika kila wavulana 100 waliosoma ni 40 hivi. Wasichana walikuwa 15 tu.

Wasichana wengi maskini waliwekwa katika nyumba za watu kuwa walezi. Walimu wengine hawakungoja sheria nyingine. Walifungua madarasa ambamo msichana aliruhusiwa kusoma huku mtoto yumo mgongoni. Twaipenda sana habari hii, maana sisi walimu twajua kazi ya kufundisha panapolia mtoto mchanga mmoja, sembuse kumi.

Mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, watawa waliokuwa na shule ya maskini hekaluni waliwapa wanafunzi matonge ya wali, samaki wa kuchoma na mboga za chumvi, bure. Wajapani huhesabu hapo mwanzo wa chakula cha shule. Mwaka 1900 ada ikaondolewa katika shule nyingi za watoto wadogo, na kufika 1905 walioandikwa shule walikuwa zaidi ya 95 katika kila 100.

Hata leo watoto hao huvua viatu mlangoni, hupakuliana chakula kwa zamu, na hushika fagio na matambara kulisafisha darasa lao. Wala kazi hiyo si adhabu ya aliyechelewa, bali imo katika ratiba ya kila mmoja.