Sitaha Isiyo na Bandari: Mifano ya Kidijitali ya Manowari za Kubebea Ndege na Historia ya Afrika Mashariki, 1941–1942

Jioni moja katika chumba cha michezo ya kompyuta huko Nyakato, kando ya Barabara ya Musoma jijini Mwanza, kijana mmoja alimtajia mtafiti bila kusita majina ya manowari nne za Kijapani zilizozama katika mapigano ya Midway mwezi Juni 1942. Alikwisha kuzishambulia zote kwa ndege ya kuigiza. Alipoulizwa kama manowari za kubebea ndege ziliwahi kutia nanga Mombasa mwaka huohuo, alicheka, akidhani anataniwa. Kicheko hicho hakishangazi. Michezo ya urushaji wa ndege iliyojipatia umaarufu, kama vile Combat Flight Simulator 2 ya mwaka 2000 na Pacific Fighters ya mwaka 2004, iliuweka uwanja wake mkuu wa vita katika Pasifiki.

Insha hii inadai kwamba mfano wa kidijitali wa manowari ni tamko la kihistoria, na kwamba unastahili kuhojiwa kama waraka unavyohojiwa: unahusu tarehe ipi, unahusu mahali gani, na nani ameachwa nje yake. Dai hilo linapimwa hapa kwa manowari za Uingereza zilizofanya kazi katika maji ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1941 na 1942.

Uundaji wenyewe ni kazi ya uvumilivu. Muundaji hutafuta michoro ya ujenzi wa meli, ambayo mingi kwa upande wa Uingereza imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich. Huilinganisha na picha za wapigapicha rasmi wa vita. Kisha hujenga umbo la meli kwa maelfu ya pembetatu ndogo zilizounganishwa na kuvikwa rangi. Hiyo ni nusu tu ya kazi. Kwa kuwa mchezaji atatua juu ya umbo hilo, sitaha lazima iwe na ugumu unaohisiwa na magurudumu, nyaya za kunasia kulabu ya ndege ziwe mahali pake, na meli nzima isogee kwa mwendo unaokaribia ule wa kweli. Mchoraji wa picha ya ukutani anaweza kukosea mita kumi na asiulizwe na mtu. Muundaji wa sitaha akikosea mita hizo, ndege inatumbukia baharini.

Hapo ndipo suala la tarehe linapojitokeza, na HMS Illustrious ni kielelezo chake bora. Manowari hii ilianza kazi Mei 1940. Usiku wa tarehe 11 Novemba mwaka huo, ndege zake 21 aina ya Swordfish zilishambulia meli za Italia katika bandari ya Taranto. Tarehe 10 Januari 1941 yenyewe ilipigwa mabomu na ndege za Ujerumani karibu na Malta, na hatimaye ikapelekwa Norfolk, Virginia, nchini Marekani, kwa matengenezo makubwa. Mafundi wa Norfolk hawakuishia kurudisha kilichovunjika. Ncha ya nyuma ya sitaha, ambayo awali ilipinda kuelekea chini ili kutuliza msukosuko wa hewa, ilisawazishwa. Urefu wa sitaha uliotumika ukaongezeka kutoka takriban mita 189 hadi mita 204, na ndege zaidi zikapata pa kuegeshwa. Kwa hiyo Illustrious iliyoshambulia Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini (Madagaska), tarehe 5 Mei 1942 haikuwa tena ile ya Taranto. Mita 15 ni jambo dogo katika kitabu. Kwa rubani anayeshuka na mafuta yaliyopungua, si dogo hata kidogo. Anayetumia mfano mmoja kwa matukio yote mawili amesema uongo kuhusu tarehe, hata kama kila msumari uko mahali pake.

Mwenzake katika shambulio hilo, HMS Indomitable, alitofautiana naye kwa jambo ambalo picha ya mbali haionyeshi: lifti yake ya mbele ilipanuliwa ili iweze kuteremsha Sea Hurricane, ndege ambayo mabawa yake hayakuweza kukunjwa. Rangi ni tatizo jingine. Picha nyingi za wakati huo hazina rangi, na kijivu cha karatasi hakimwambii mtafiti kama ubavu wa meli ulikuwa wa buluu au wa kijani. Muundaji hana ruhusa ya kuacha ubavu huo wazi. Analazimika kuchagua, na chaguo lake humfikia mchezaji kama ukweli.

Mfano wa HMS Hermes una hatari ya aina tofauti. Ndege zake zilishiriki katika harakati za kuuteka mji wa Kismayu, Februari 1941. Tarehe 9 Aprili 1942 ilizamishwa na ndege za Kijapani karibu na Batticaloa, Ceylon, na watu 307 wakafa. Siku hiyo haikuwa na ndege hata moja ndani yake. Mchezo unaomruhusu mchezaji aruke kutoka Hermes asubuhi ile ili aiokoe unaondoa kiini cha msiba wenyewe, yaani manowari ya kubebea ndege kukutwa mikono mitupu.

Baada ya mashambulizi ya Wajapani dhidi ya Colombo na Trincomalee mwezi huo wa Aprili, Kilindini ikawa kituo kikuu cha meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Hata wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani walihamia Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mfano wa manowari usioambatana na bandari hapa unashindwa kiufundi, kabla hata ya kushindwa kihistoria. Manowari iliyotia nanga haina upepo unaotokana na mwendo wake, na bila upepo huo ndege nzito haziruki. Ndiyo maana vikosi vya ndege vilipelekwa nchi kavu meli ilipokuwa bandarini. Jeshi la Majini liliviita vituo vyake vya nchi kavu kwa majina ya meli, na hapa kwetu lilichagua Kiswahili: Kipanga huko Kilindini, Korongo huko Nairobi, Kilele huko Tanga. Kwa desturi ya jeshi hilo vituo vya ndege vilipewa majina ya ndege wa angani, kwa hiyo kipanga na korongo walifuata kanuni. (Kilele, ni dhahiri, kiliivunja.)

Mafuta, maji, nyama na risasi havikupanda melini vyenyewe. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikuwa wamegoma mwaka 1939 kwa sababu ya ujira na hali ya maisha, na mji mzima ukagoma tena Januari 1947. Mzigo wa vita uliwaangukia katikati ya migomo hiyo miwili. Inaweza kusemwa kwamba mchezaji hawahitaji makuli ili arushe ndege, na kwamba kompyuta ina kikomo chake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kompyuta hiyohiyo hupewa nafasi ya kuchora nati za mkia wa ndege, na mtafiti anaona kwamba kikomo kinachotajwa ni cha macho zaidi kuliko cha mashine. Picha rasmi zilipigwa kutoka sitahani kuelekea baharini. Muundaji amerithi mwelekeo huo pamoja na vipimo.

Jambo la hewa linahitaji maneno machache tu. Hewa ya Mombasa yenye joto la nyuzi 30 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 kuliko ile ya nyuzi 15, hivyo ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili inyanyuke. Sisi wa Mwanza, tunaoishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hatuna haja ya kuelezwa hilo kwa kirefu: mji wetu ulikuwa kituo cha mwisho cha safari za Imperial Airways kutoka London zilizoanza tarehe 28 Februari 1931.

Tarehe 10 Septemba 1942 Illustrious ililinda uteremshaji wa majeshi huko Majunga, pwani ya magharibi ya Bukini. Walioshuka hapo na kusonga barabarani kuelekea Antananarivo walikuwa askari wa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, miongoni mwao batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, iliyoundwa Tanganyika. Mfano wa Illustrious wa siku hiyo, ukiwa na ncha ya nyuma iliyosawazishwa na ndege zake zikiwa angani, unapaswa kumwonyesha rubani, akigeuza kichwa upande wa nchi kavu, meli zilizowabeba askari hao.