Nani Alihudhuria Garissa?

Kila webina huisha na namba. Mwandalizi anafungua orodha ya Zoom, anahesabu majina, anaandika ripoti. Jina kutoka Garissa likiwa moja, basi Garissa imehesabiwa mtu mmoja. Lakini mara nyingi hiyo simu moja imeegemezwa kwa birika la chai, bando amenunua mmoja, wanaotazama ni watano, na kuna anayemtafsiria nyanya kwa Kisomali. Nairobi nako jina liko, kamera imezimwa, mwenyewe yuko jikoni anapika. Naye ni mmoja.

Hii tabia ya kusikiliza kwa pamoja ni ya zamani kuliko intaneti. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957, na kwa miaka mingi redio moja ilikuwa ya hoteli nzima ya chai. Watu walinyamaza taarifa ikisomwa, ikiisha ndipo ubishi unaanza. Asiyekuwepo alisimuliwa. Baadaye zikaja kaseti za mashairi na za barua za sauti, zikipita mkono kwa mkono. Leo mtu akikosa webina ya saa nane mchana, anatumiwa sauti kwa WhatsApp usiku. Anasikia yote, na bado hayumo kwa orodha.

Sasa, mbona tujali namba? Kwa sababu Kaskazini Mashariki, mahudhurio yamewahi kuamua mambo mazito, na yamesomwa vibaya.

Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kuzunguka NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kuuliza wenyeji wanataka nini uhuru ukija. Watu walijitokeza, wakasema. Tume yenyewe iliripoti kwamba Wasomali, waliokuwa wengi huko, walitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 London ikaamua vingine. Uchaguzi wa Mei ulipofika, wengi wakasusia. Yaani walipohudhuria hawakusikizwa, na walipokosa kuja, kukosa kwao ndiko kulikuwa jibu. Kabla mwaka uishe hali ya hatari ilitangazwa. Sheria zake ziliondolewa 1991.

Kisha Agosti 2010, mwezi ule ule Katiba mpya ilipozinduliwa, serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane: tano za Kaskazini Mashariki, tatu za Turkana. Sababu? Ati watu wamezidi.

Katiba hiyo inataka wananchi washirikishwe. Corona ilipofika Machi 2020, mikutano mingi ilihamia kwa skrini, na mingine haijarudi. Hapo ndipo kuna hatari. Kwa sensa tuliambiwa tuko wengi mno. Kwa Zoom tutaambiwa tuko wachache, kwa hivyo hatuna maoni.

Dawa si ngumu. Mwandalizi aulize mwanzoni: hapo kwa simu yako mko wangapi? Atume rekodi ya sauti, ya Kisomali pia, na apokee maoni hata siku tatu baadaye, wakati hoteli imeshamaliza kubishana. Asipofanya hivyo, aandike ukweli kwa ripoti yake: amehesabu simu, hajahesabu watu.