Harufu mbaya kinywani mwa mbwa ni dalili ya ugonjwa

Mbwa anapompumulia mwenyewe usoni, wengi hugeuza uso na kusema kwamba ndivyo mbwa walivyo. Kauli hiyo ni potovu. Kinywa cha mbwa mwenye afya hakitoi uvundo. Harufu hiyo aghalabu hutokana na ugonjwa wa fizi, maradhi yanayowapata mbwa wengi waliotimu umri wa miaka 3 na kuendelea. Ugonjwa huu huwatesa kimyakimya, kwa sababu mbwa huficha maumivu na huendelea kula hata meno yakiwa yamelegea. Mwenyewe hutanabahi baadaye sana, pengine mlinzi wake wa boma anapokataa chakula.

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya utotoni, ambayo ni 28, huanza kuchomoza akiwa na wiki 3 hivi. Baadaye huyapisha meno ya kudumu, ambayo hukamilika akiwa na umri wa miezi 6 au 7. Mbwa mzima ana meno 42: ya mbele 12, chonge 4 na magego 26. Katika mbwa wa maumbile madogo, jino la utotoni wakati mwingine hukataa kung'oka na kubanana na lile jipya. Jino kama hilo hung'olewa na daktari, la sivyo chakula hukwama katikati.

Jinsi ugonjwa unavyoanza

Tofauti na binadamu, ni nadra meno ya mbwa kuoza na kutoboka. Adui wake mkubwa ni utando laini wa bakteria ambao huanza kujijenga juu ya meno saa chache tu baada ya kusafishwa. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugeuza, kwa muda wa siku chache, kuwa ukoga mgumu wa rangi ya manjano au hudhurungi. Mswaki hauwezi kuubandua ukoga huo.

Bakteria hao huteremka chini ya ufizi, nao huvimba, hubadilika kuwa mwekundu na kutoa damu. Hatua hii ingali inatibika kikamilifu. Ikipuuzwa, mfupa unaolishikilia jino huanza kulika, na mfupa uliolika haurudi. Mbwa wadogo wanaweza hata kuvunjika taya kwa sababu hiyo. Aidha, ugonjwa huu huhusishwa na madhara katika moyo, ini na figo.

Kupiga mswaki

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga iliyo bora ni kumpiga mbwa mswaki kila siku, au angalau mara tatu kwa wiki. Inafaa mbwa azoeshwe angali mdogo, na kwa upole. Siku za mwanzo, mwenyewe amwinue mdomo tu na kumsifu. Kisha amsugue meno kwa kitambaa safi chenye maji kilichoviringishwa kidoleni. Baada ya wiki moja au mbili, atumie mswaki laini wa mtoto, akiuinamisha kuelekea pale jino linapokutana na ufizi. Upande wa nje wa meno, hasa magego ya juu, ndio unaohitaji kusuguliwa zaidi. Si lazima kumpanua mbwa kinywa.

Dawa ya meno ya binadamu isitumiwe kamwe. Mbwa hajui kutema, na atameza floridi na sabuni iliyomo. Baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kiungo cha utamu ambacho hushusha sukari mwilini mwa mbwa kwa ghafla na kinaweza kumuua. Chumvi na magadi pia havifai. Asiyeweza kupata dawa ya meno ya mbwa atumie maji matupu, kwani kazi kubwa hufanywa na mswaki wenyewe.

Wengi huamini kwamba mifupa husafisha meno. Mfupa mgumu huweza kulipasua gego kubwa la juu, nao mfupa uliochemshwa hupasuka vipande vyenye ncha kali ambavyo hutoboa matumbo. Kitu chochote cha kutafuna kisichobonyea kwa ukucha ni kigumu mno kwa meno ya mbwa.

Lini kumwona daktari

Mbwa apelekwe kwa daktari akitafuna kwa upande mmoja, akiangusha chakula, akivimba chini ya jicho, akitokwa na damu kinywani au jino likivunjika. Usafishaji kamili hufanywa mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi ili daktari aweze kufika chini ya ufizi. Kukwangua ukoga mbwa akiwa macho hung'arisha meno tu na kuuacha ugonjwa palipo mizizi. Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Nchini (KVB).

Kuna tahadhari moja ambayo haifai kusahaulika. Mbwa aliyebadilika tabia kwa ghafla, anayechuruzikwa na mate au kushindwa kumeza, asitiwe mkono kinywani kwa dhana kwamba ana mfupa uliokwama. Huenda ana kichaa cha mbwa, ambacho huenezwa kwa mate na ambacho, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa. Kwa hivyo, kabla ya kununua mswaki, mwenye mbwa ahakikishe kwanza kwamba mbwa wake amechanjwa.