Kisu cha Kakungulu

Kutoka Kakamega hadi Mbale si safari ya kutisha. Unapita Bungoma, unavuka mpaka pale Malaba, unaipita Tororo, na jua halijazama. Sisi wa magharibi tunawajua Wagisu wa huko kwa imbalu yao, tohara inayofanana na ya Wabukusu. Wachache wanajua kwamba nje kidogo ya mji huo, kwenye kilima cha Nabugoye, kuna sinagogi. Wanaosali humo ni Waganda weusi kama mimi, wanaitwa Abayudaya, na dini yao imetimiza miaka mia moja na zaidi.

Nimewasoma kwa sababu ya ugomvi wa kwetu. Baba yangu ni mshika Sabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likizama, redio inazimwa na chakula cha kesho kiko tayari. Mimi ni kifungua mimba wake, na nimemwambia wazi kwamba sitaifuata njia hiyo. Jibu lake ni lile lile: “Hii boma ina mwenyewe.”

Sasa hebu tumtazame Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari Muganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, akitumaini kupewa ufalme wake mwenyewe. Hakupewa. Alikuwa Mprotestanti, akahamia kwa Wamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali. Huko nako hakutulia. Alilisoma Agano la Kale, akaona tohara imeamriwa. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwonya kuwa hiyo ni sheria ya Wayahudi, si ya Wakristo. Akajibu: basi mimi ni Myahudi. Mwaka wa 1919 alitahiriwa, na wanawe wakatahiriwa pia. Mwaka wa 1922 akatoa kitabu cha sheria na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka wa 1928.

Mtu huyu hakuletewa Uyahudi na mmisionari. Alisoma, akafikiri, akachagua, hata ilipomgharimu marafiki. Lakini wanawe je? Kwa baba, kisu kile kilikuwa uhuru. Kwa wana kilikuwa amri. Siku moja, nyumba moja, kisu kimoja.

Uamuzi wa vizazi vilivyofuata ulikuja kwa njia mbaya. Idi Amin alipiga marufuku dini yao miaka ya sabini. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani. Kutoka maelfu, inakadiriwa walibaki mia tatu hivi, wakisali kwa siri. Amin alipinduliwa Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Wayahudi duniani kote walikuwa wanaianza Pasaka yao, sikukuu ya kutoka utumwani. Miaka ya themanini, vijana ndio waliofufua jumuiya pale Nabugoye. Wakati huo hakuna baba aliyeweza kuwalazimisha. Kuondoka kulikuwa rahisi kuliko kubaki, na wao wakabaki.

Halafu mwaka wa 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja kuwaongoa rasmi takriban watu 400. Wengine walikataa: tumezaliwa Wayahudi, tunaongolewa kutoka wapi? Nawaelewa. Ila kuna jambo linalonigusa katika utaratibu ule: mtu aliyekuwa amerithi dini kwa babu yake alisimama mbele ya wazee, akaulizwa kama anaitaka.

Nilimsimulia Baba habari hizi tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Unaona? Walioshikilia ndio waliobaki.” Nikamwambia, “Baba, walioshikilia ni walioamua.” Akanyamaza.

Anajua ninachomaanisha. Babu yangu alikuwa Mkweka, wa ile imani iliyofika Kaimosi mwaka wa 1902 na Wamarekani. Baba alipoiacha akiwa kijana, wazee walisema ameipasua familia. Leo anaita njia yake mila ya nyumba, na mimi naitwa mwasi. Lakini Sabato hii haijafikisha hata vizazi viwili. Ilianza na kijana mmoja aliyemkatalia mzee wake.

Simlaumu kwa kuwa na msimamo. Msimamo wake ndio ulionifundisha kuwa na wangu. Shida ni kwamba sasa zamu imenifikia. Mke wangu anatarajia mtoto, na Baba ameshauliza ataombewa wapi na ataitwa nani. Nimekuwa nikijigamba kwamba mwanangu atajichagulia mwenyewe. Lakini Jumamosi zitapita nyumbani mwangu bila sala, na mtoto atazizoea hivyo, kama wana wa Kakungulu walivyozoea zao. Hata hilo nitakuwa nimemwamulia. Ninachoweza kumwahidi ni kwamba akija siku moja kuniambia anarudi kwa babu yake, sitamwambia boma ina mwenyewe.