Barabara iliyonyooka humdanganya dereva kuliko kona

DEREVA anayetoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Sehemu kubwa ya kipande hicho ni tambarare. Vibao vinamtaka apunguze mwendo kwa ajili ya wanyama, lakini macho yake yanaona lami iliyo wazi mbele, na mguu hufuata macho. Ndiyo maana barabarani hapo pamewekwa matuta na rasta, vitu visivyomwomba dereva bali vinavyomlazimisha.

Mbele zaidi, baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara hiyo hiyo hupanda mlima Kitonga kwa kona kali, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Hapo hofu yenyewe hufanya kazi ya kibao. Magari madogo hutambaa nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, na hatari kubwa humtokea yule anayechoka kusubiri akaamua kulipita lori asikoona mbele.

Tofauti ya sehemu hizo mbili inaeleza jambo ambalo wahandisi wa barabara wamelijua kwa miaka mingi: dereva huchagua mwendo kwa kusoma umbo la barabara. Upana wa lami, urefu wa mnyooko, ukali wa kona na umbali unaoonekana mbele humwambia kiasi cha kukanyaga mafuta, mara nyingi bila yeye kutambua.

Kona ina hesabu yake. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka mara nne. Kona ambayo gari huipita salama kwa kilometa 50 kwa saa ingepaswa kuwa pana mara nne ili ipitwe kwa kilometa 100 kwa usalama ule ule, iwapo mwinamo wa lami na mshiko wa matairi havibadiliki. Mvua ikinyesha, mshiko huo hupungua.

Hata hivyo, ukali wa kona peke yake hautoshi kueleza ajali. Kona ya tano katika mfululizo wa kona hupitwa na dereva aliyekwisha kujiandaa. Kona ile ile ikiwekwa mwisho wa mnyooko wa kilometa kadhaa humkuta dereva ambaye mwendo wa kasi umekwisha kumzoea, naye anauona kuwa wa kawaida. Kwa sababu hiyo, wasanifu hulinganisha mwendo wa sehemu moja na inayofuata. Tofauti ikizidi kilometa 20 kwa saa, usanifu huhesabiwa kuwa mbaya.

Vilima navyo huficha. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hutembea zaidi ya mita 50 kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, na huhitaji jumla ya takriban mita 130 kusimama. Kilele kinachoonyesha mita 80 tu za barabara hakimpi nafasi hiyo, iwe mbele kuna lori bovu au mtoto anayevuka na ndoo ya maji.

Nchini Kenya, kati ya Sachangwan na Salgaa katika barabara ya Nakuru–Eldoret, tatizo halikuwa kona za kutisha bali mteremko mrefu unaovutia. Baadhi ya madereva wa malori hutoa gia na kuliacha gari liserereke ili kuokoa dizeli. Breki zikitumika mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, na injini iliyotolewa gia haisaidii kulizuia gari. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso huko Migaa, katika barabara hiyo, na watu 36 wakafariki dunia. Kuanzia 2018 njia za kwenda na kurudi zilitenganishwa kwa kizuizi katikati.

Kizuizi hicho hupunguza migongano ya uso kwa uso, lakini hakipunguzi mteremko. Lori lililopoteza breki bado linaweza kuyagonga magari yaliyo mbele yake, na kinachohitajika hapo ni njia ya pembeni ya dharura, yenye kokoto nyingi na inayopanda, ambamo gari hilo huzama na kusimama.