Jina la wimbo kwenye piano ya umeme: linatoka wapi?

Makanisa yetu mengi sasa yana piano ya umeme yenye tundu la flashi. Siku mpiga kinanda hayupo, mtu anachomeka flashi, anachagua wimbo kwenye kioo, na waimbaji wanaendelea. Ni msaada mkubwa. Lakini katika mazishi fulani niliyoongoza, kioo kilionyesha neno “Piano” mara tatu, mstari chini ya mstari. Kijana wetu alichagua la kwanza, na mbele ya jeneza ukapigwa wimbo wa kumwingiza bibi arusi. Hakuna aliyetukana, lakini kesho yake nilikwenda kwa wafiwa kuomba radhi. Kosa halikuwa la kijana. Kosa lilikuwa katika majina.

Faili ya MIDI ni nini?

MIDI ni mapatano ya mwaka 1983 yanayowezesha vinanda vya watengenezaji mbalimbali kuelewana. Faili yake, ambayo jina lake huishia na .mid, haina sauti ndani. Ina maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie wakati huu. Sauti inatengenezwa na piano yenyewe. Ndiyo maana faili hizi ni ndogo sana, na flashi moja hubeba maelfu.

Wimbo mmoja, majina mawili

Jina la kwanza ni la nje: lile unaloliona kwenye kompyuta, kwa mfano “045 Mazishi.mid”.

Jina la pili limo ndani. Faili huanza na herufi MThd, kisha hufuata njia za muziki, kila moja ikianza na MTrk. Katikati ya maagizo ya noti kuna maandishi yasiyopigwa, ambayo hutambulishwa kwa alama FF pamoja na namba ya aina yake. 01 ni maandishi ya kawaida, 02 ni haki ya mtunzi, 03 ni jina, 05 ni maneno ya wimbo. Jina la aina ya 03 likiwa katika njia ya kwanza, ni jina la wimbo. Likiwa katika njia nyingine, ni jina la njia hiyo tu, kama “Besi”.

Piano ipi huonyesha lipi?

Hazifanani. Nyingine huonyesha jina la nje, nyingine husoma la ndani, na zile zisizo na kioo kikubwa hutoa namba peke yake. Baada ya mazishi yale nilibadili majina yote kwenye kompyuta, nikarudi kanisani, na kioo kikaonyesha “Piano” vilevile. Kubadili jina la nje hakugusi la ndani. Aliyetengeneza faili hizo aliacha jina la ala mahali pa jina la wimbo.

Herufi nazo zina shida. Piano nyingi huelewa vizuri herufi za kawaida tu, A hadi Z, na tarakimu. Herufi za Kifaransa kama é na ç zinaweza kugeuka alama zisizosomeka. Kiswahili hakina alama hizo, lakini angalieni ng’: kompyuta hupenda kuweka kibainishi kilichopinda, nacho huharibika vilevile.

La kufanya

1. Anzeni jina kwa tarakimu tatu, zikifuata kitabu chenu cha nyimbo: 002, 010, 145. Bila sifuri za mbele, vyombo vingi huweka 10 kabla ya 2.
2. Tumieni jina fupi, lisilo na alama juu ya herufi. Kioo kidogo hukata jina refu, kwa hiyo neno la maana litangulie.
3. Badilini majina yote mawili. La ndani hubadilishwa kwa programu ya kuhariri MIDI.
4. Hifadhini faili kwa aina ya 0, yenye njia moja, maana ndiyo inayosomwa na piano nyingi zaidi. Flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32 kabla ya kuweka nyimbo, maana kuiandaa hufuta kila kilichomo.
5. Wimbo ukiwa umetungwa na mtu wa kwaya yenu, andikeni jina lake katika aina ya 02. Watu wetu wanahama, wengine bila kupanga. Flashi ikifika mji mwingine, jina la mtunzi litafika nayo.
6. Jaribuni kila wimbo kwa spika za masikioni kabla ya ibada. Jina ni ahadi tu. Sikio ndilo linalothibitisha.

Kwetu kazi hii ilichukua Jumamosi mbili. Tangu hapo nyimbo za msiba zina kabrasha lake peke yake, na kijana yule ndiye anayelitunza.