"Ama" ya kompyuta si "ama" ya mama yako

Wasee wengi wanaoanza kodingi hukariri lile jedwali la kweli na uongo usiku wa kuamkia mtihani, asubuhi limepotea. Mimi naona shida ni kwamba hatuambiwi lilitoka wapi. Ukijua hadithi yake, utalichora mwenyewe.

George Boole alizaliwa Lincoln, Uingereza, 1815, mtoto wa fundi viatu. Chuo kikuu hakusoma. Alijifunza hesabu mwenyewe, akafungua shule yake akiwa bado kijana, na 1849 akawa profesa kule Cork, Ireland. Digrii hana, darasa ni lake. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kitabu chake cha 1854 kina wazo moja tamu sana. Chukua watu wote kwenye matatu, chagua wanafunzi. Ukichagua wanafunzi tena kati ya hao, unabaki na walewale. Kwa hivyo x mara x ni x. Sasa tafuta namba inayofanya hivyo. Ni 0 na 1 peke yake! Hapo ndipo "na" inakuwa kuzidisha: 1 mara 0 ni 0, yaani sharti moja likianguka, yote yameanguka.

"Ama" ndiyo ilileta kelele. Boole aliifanya kujumlisha, lakini kwa makundi yasiyoingiliana tu. Ni kama mama akiuliza, "Chai ama uji?" Hebu jibu "vyote" uone. William Stanley Jevons alimwandikia akishikilia kwamba kitu kikijumlishwa na chenyewe kibaki kilekile. Boole akakataa. Akafariki Desemba 1864, na "ama" ya kodi zetu leo ni ya Jevons: kweli ama kweli ni kweli.

Kwa hivyo ukiandika ||, sahau mama, fikiria stima. 1937, Claude Shannon, mwanafunzi wa miaka 21 pale MIT, alionyesha kwamba swichi zinafuata hesabu hii. Panga mbili kwenye waya mmoja, stima itapita zote zikiwashwa tu. Hiyo ni "na". Zipange sambamba, kila moja na njia yake, moja inatosha, na zote mbili zikiwashwa hakuna anayelalamika.

Imebaki "si", ile alama ya mshangao. Watu huchanganyikiwa wakikana "ama", kwa sababu inageuka "na": si A, na pia si B. Sheria hiyo ina jina la Augustus De Morgan, rafiki ya Boole, lakini wewe umeitumia tangu nasari. Sina kalamu wala karatasi. Hiyo "wala" ndiyo yeye.